Injini ya marehemu ni nzima, ila mwanawe nimemwambia imekufa

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 46, nina mke na watoto watatu, ni fundi friji hapa Tanga, pande za Ngamiani. Naomba barabara yetu usiitaje, maana kwetu mtu akikohoa barabara ya kumi anaambiwa pole barabara ya kumi na mbili.

Nilikuwa na rafiki. Nitamwita Swahiba, kwa kuwa ndivyo tulivyoitana. Alikuwa bwana shamba, amenizidi miaka 9. Alikuwa na Honda XL 125 nyekundu aliyoipata kwenye mnada wa serikali, mimi nina Boxer 150. Kwa miaka 11 tulikuwa na mazoea yetu: kila baada ya miezi miwili au mitatu, mvua zikituruhusu, tunapanda Usambara. Barazani walikuwa wakituuliza, "Huko mnakwenda kununua nini?" Hatukuwa tunakwenda kununua kitu. Tunaswali alfajiri, tunatoka. Tunapita Kange na Pongwe, tunafika Muheza ndio kwanza watu wanapanga machungwa, tunashika Segera, chai tunainywa Korogwe. Mombo tunakagua cheni na tairi, halafu tunaiacha barabara kubwa na kuanza mlima.

Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita thelathini na kitu tu, lakini ni kona juu ya kona, huku ukuta wa jiwe, huku korongo. Mombo umeloa jasho. Soni, pale kwenye maporomoko, shati limeshakauka. Lushoto unatafuta koti. Siku zote Swahiba alikuwa mbele, mimi nyuma. Akiushusha mkono wa kushoto, kiganja chini, najua kona ina kokoto. Akiupunga, lori la kabichi linashuka. Mama, nilikuwa naujua mgongo wa yule mtu kuliko uso wake.

Na alikuwa anajua mambo. Kila tukifika Lushoto lazima anikumbushe kuwa Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Safari za Amani tulipitia Muheza, na huko alikuwa anazima injini, anachuchumaa kwenye mwamba wenye majimaji ili anionyeshe ua dogo la zambarau. Ofisa wa Kijerumani aliyekaa hapa Tanga, Saint Paul, ndiye aliyelipeleka kwao mwaka 1892, na leo Wazungu wanaliotesha kwenye vyungu madirishani, wameliita kwa jina lake, Saintpaulia. "Ua letu," alikuwa anasema, "na hata jina lake kwa Kiswahili ukiuliza watu kumi hawakwambii." Mtae tulikuwa tunakaa ukingoni, tambarare ya Mkomazi yote iko chini ya miguu, tunakula mahindi ya kuchoma, hatusemeshani. Tukirudi Tanga, kazi inaendelea, na kila jioni anapita karakana kwangu, tunaagiza kahawa na kashata, tunapanga safari nyingine miezi miwili kabla.

Mwaka 2019 alianguka. Tulikuwa tunashuka, tumeshaipita Soni, kona ina mchanga, akalala na pikipiki. Mguu ulichanika kuanzia goti. Tukaushonesha hukohuko njiani, na nyumbani tukasema amejikwaa kwenye kompresa karakana kwangu. Shemeji, mkewe Swahiba, alikuja kuujua ukweli baada ya miezi miwili, kwa watu. Hakupiga kelele. Alituambia tu, "Kumbe nyinyi wawili mna nyumba yenu ya siri."

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya Ramadhani, Swahiba akafariki. Si kwa pikipiki. Presha. Ile Honda ilikuwa karakana kwangu, aliileta nimrekebishie valvu, nikamwambia aifuate Jumamosi. Ijumaa tukamzika.

Shemeji akiwa edani aliniita. Alizungumza nami nyuma ya pazia. Alisema, "Shemeji, ile pikipiki iko kwako. Mwanangu asiipande. Mwambie imekufa. Wewe ni fundi, atakuamini." Nikamjibu, "Sawa, shemeji."

Kijana ana miaka 19, amemaliza kidato cha nne. Ana mdogo wake wa kike, miaka 14. Baada ya arobaini akanijia: "Ba'mdogo, naomba pikipiki ya baba." Nikamwambia pistoni imekwama, imekula bloku, injini imekufa, na vipuri vya XL siku hizi kuvipata ni kazi. Nilidhani atakata tamaa.

Hakukata. Sasa hivi ni deiwaka, yaani dereva wa kushikia tu, kwenye bodaboda ya mtu, usiku, wakati mama yake anajua yuko gereji anajifunza kuchomelea. Nimemwona kwa macho yangu Mabanda ya Papa amepakia mshikaki, abiria wawili nyuma, kofia ngumu ameitundika kwenye usukani. Akaniona. Akainamisha kichwa. Mama yake sijamwambia.

Wiki tatu zilizopita akaniletea bahasha ya kaki. Ndani mna shilingi 165,000, noti zimekunjwa vidogo vidogo, zinanuka petroli. "Ba'mdogo, anza na bloku na pistoni, nyingine nitaongeza. Nataka mwezi wa saba nifike Mtae, pale alipokuwa anakaa baba." Mama, nilizipokea. Sikujua nisemeje, nikazipokea.

Na kila Ijumaa nikitoka msikitini naingia karakana, nafunga mlango, nafungua koki, navuta choki, napiga kiki. Ya pili tu inaitika. Naiacha dakika tano, naizima, cheni naifuta kwa oili ili chumvi ya bahari isiile. Ijumaa iliyopita nafungua mlango, mke wangu amesimama nje na sinia la chakula. Mlio ule anaujua. Aliniangalia, akaliweka sinia chini, akaondoka.

Mimi mwenyewe sijapanda mlima tangu afe. Januari nilitoka peke yangu, nikafika Mombo, nikanywa chai huku naitazama ile barabara inavyopotea juu, nikageuza.

Jamaa mmoja ananishauri niiuze kimyakimya, fedha nimpe mjane, yaishe. Mwingine ananiambia neno la mjane ni amana, nife nalo. Na kijana ananiuliza kila wiki, "Imefikia wapi?" Nifanyeje?

Wa Nyuma, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Umefiwa na rafiki, na sidhani kama kuna aliyekuja kukupa pole yako wewe. Watu huenda kwa mjane na kwa watoto, ndivyo inavyotakiwa, na wa nyuma hubaki nyuma.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilichukua karatasi nikaandika nani anajua nini. Kijana hajui kuwa injini ni nzima. Mama hajui kuwa mwanawe anaendesha bodaboda usiku, wala habari ya bahasha hana. Kijana hajui kuwa aliyeuagiza uongo ule ni mama yake. Mkeo anaujua mlio, lakini bahasha sijui kama anaijua, hukusema. Nikavuta mistari, na kila mstari ukaja kuishia mlangoni kwa karakana yako. Umeniuliza kama uitunze siri au uivunje, kana kwamba siri ni moja. Mimi nimehesabu tatu, na wewe ndiye ukuta uliosimama kati ya mama na mwana. Hukuomba kuwa ukuta. Uliitikia "sawa" nyuma ya pazia, na sijui nani angeweza kuitikia vingine.

Nianze na hilo pazia. Mimi nimekaa eda, miezi minne na siku kumi, nayajua maneno ya humo. Siku zile mtu anashika chochote kisichokwisha kukatika. Mimi niliagiza cherehani ya marehemu mume wangu iuzwe, sitaki kuisikia. Shemeji yangu akasema sawa, akaifunika shuka akaiweka stoo. Nilipotoka eda niliiulizia, na nilipoiona nililia kwa kushukuru. Lakini shoga yangu mmoja aliagiza edani kuwa mashua ya mumewe isirudi baharini na mwanawe ndani yake, na hajalibadilisha neno hilo mpaka leo, mwaka wa nane huu, na kila nikimsikiliza naona ana haki yake. Kwa hiyo sikwambii kuwa neno la edani halina uzito. Nakuuliza tu: tangu shemeji yako atoke eda, kuna mtu amemuuliza tena? Wewe umemuuliza? Au umekuwa ukilibeba neno la siku ile kama kwamba yeye bado yuko nyuma ya pazia?

Halafu mtazame alichoomba. Aliomba mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza, mwanangu asiipande. La pili, mwambie imekufa. La kwanza ndilo moyo wake, la pili ni njia aliyoiona kwa haraka. Na njia yenyewe imefika wapi? Kijana yuko barabarani kila usiku, kwa pikipiki ya mtu, anakimbizana na hesabu ya tajiri, na mwenye kukimbizana na hesabu hana muda wa kutazama kona. Anapakia mshikaki. Kofia iko kwenye usukani. Mama aliogopa mlima, na hofu yake ni ya haki, mumewe alichanika mguu huko. Lakini anacholala nacho usingizi si ukweli. Anadhani pikipiki imemwacha mwanawe, na pikipiki imemchukua kwa mlango mwingine. Hapo ndipo ninapojiuliza kama kuitunza ahadi kwa maneno yake bado ni kuitunza ahadi.

Kuna jambo nalisema taratibu, usilichukue kwa ubaya. Mwaka 2019 nyinyi wawili mlimdanganya, naye akasema mna nyumba yenu ya siri. Mwaka jana, ameshabaki peke yake, akakuita wewe, akakuomba uongo. Mimi naona kama mtu aliyesimama nje ya nyumba ile miaka yote na sasa anabisha hodi. Labda nakosea. Ila kama sikosei, basi siku utakayokwenda kuzungumza naye usiende na habari ya injini tu. Ile habari ya kompresa hamkuwahi kumwomba radhi ipasavyo, au mlimwomba? Hukusema. Marehemu hawezi tena. Wewe unaweza.

Sasa ile pikipiki ni ya nani?

Katika barua yako kila mtu anaisema kama yake. Mama anaamua isipandwe, kijana anaomba "pikipiki ya baba", jamaa yako anakwambia uuze. Mwanangu, mtu akifariki mali yake ni mirathi. Kwa hesabu ya Kiislamu mjane mwenye watoto ana 1/8. Wazazi wa marehemu, kama wapo hai, wana fungu lao. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Kwa hiyo yule binti wa miaka 14, ambaye kwenye barua yako umempa sentensi moja, naye ana sehemu yake katika lile tangi jekundu. Mimi si kadhi. Muulizeni sheikh wenu, au mwende BAKWATA, baraza kuu la Waislamu, na kwa upande wa serikali ni Mahakama ya Mwanzo: ukoo unakaa kikao, unaandika muhtasari, unampendekeza msimamizi wa mirathi, mahakama inamthibitisha, ndipo kadi ya pikipiki inaweza kuhamishwa jina kihalali. Kama hayo yalikwishafanyika, muulize msimamizi aliyetajwa. Kama hayajafanyika, na nahofia hayajafanyika kwa kuwa kila mtu anaambiwa mali yenyewe ni chuma kilichokufa, basi uongo wetu umeingia mpaka kwenye haki ya watoto. Ndiyo maana shauri la kuiuza kimyakimya silipendi hata kidogo, japo anayekupa anakutakia wepesi. Wewe ni mshika amana. Mshika amana hauzi.

Nimekaa sana na ile bahasha. Shilingi 165,000 kwa kijana wa deiwaka ni usiku mwingi. Fedha hiyo angeweza kuianzia mkataba wa bodaboda yake mwenyewe, mpya, inayong'aa, aache kumfanyia kazi mtu. Hakufanya hivyo. Ameileta kwenye Honda kuukuu ambayo fundi amemwambia imekufa. Kijana anayetaka pikipiki tu hafanyi hesabu ya namna hiyo. Anataka kufika pale alipokuwa anakaa baba yake, akae yeye. Je, umewahi kumhadithia? Lile ua kwenye mwamba, na mkono wa kushoto unavyoshuka kwenye kokoto, na mahindi ya Mtae. Umeniandikia mimi nisiyekujua, na nimeyaona. Yeye ameyasikia? Inawezekana kijana anaidai injini kwa sababu hana kitu kingine cha kukudai.

Na wewe. Ulifika Mombo ukageuza. Hukuniomba nilisemee hilo, uliliweka mwishoni kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nakuuliza kwa upole: je, ni mama tu asiyetaka kuiona ile Honda ikipanda mlima? Ukimpa kijana ufunguo, atakuwa mbele, na wewe kwa mazoea utakuwa nyuma. Mgongo utakaouona ni wa nani? Pengine mabega ni yaleyale. Pengine hilo huliwezi bado. Kama huliwezi, sema huliwezi, ni huzuni ya halali kabisa, na kijana wa miaka 19 anaweza kuielewa kuliko anavyoielewa bloku iliyoliwa. Ila usiifiche ndani ya ahadi ya shemeji.

Tuziangalie njia zako, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kuendelea kunyamaza. Uzuri wake ni kwamba leo hakuna ugomvi. Lakini wewe ni fundi, unajua: siku yoyote kijana atakuja na fundi pikipiki wa kweli aifungue, au atapata bloku ya mtumba na kukuletea mkononi, au atapita Ijumaa saa saba na nusu. Mlio mkeo ameujua kupitia mlango uliofungwa. Mtoto aliyelala akiusikia tangu utotoni hataujua? Akigundua hivyo, hatapoteza pikipiki. Atapoteza ba'mdogo, na ndiye uliyebaki.

Unaweza kumwita kijana leo umwambie yote. Ni njia fupi na moyo wako utapumua. Hatari yake ni kwamba atatoka kwako moja kwa moja mpaka kwa mama yake. "Mama, kumbe ni wewe." Na mama atakuwa amesalitiwa na mtu aliyempa neno, kwa mara ya pili katika maisha yake, kwa habari ya pikipiki ileile. Sijui kama nyumba ile itastahimili.

Unaweza kuanza kwa mama. Moyo wangu unaegemea huku, lakini usidhani ni njia ya maua. Anaweza kukwambia, "Hapana, shikilia hivyohivyo." Ukitoka pale utakuwa umefungwa mara mbili. Kwa hiyo kabla ya kwenda jiulize: akisema hapana, nitaweza kumjibu nini? Labda unaweza kumwambia, kwa adabu, kwamba kuizuia pikipiki isitoke karakana utamsaidia kama warithi wenzake wakikubali, lakini kusema imekufa huwezi tena. Hayo ni mambo mawili tofauti, na yeye ana haki ya kuyasikia yakiwa mawili. Nenda na mkeo. Shemeji atazungumza kwa wepesi zaidi akiwepo mwanamke mwenzake, na mkeo amekuwa nje ya mlango muda wa kutosha.

Habari ya deiwaka ni nzito kwangu kuliko ya Honda, maana hiyo inaweza kumuua mtu usiku wa leo. Lakini ni siri ya kijana. Alikuona akainamisha kichwa, kwa hiyo aibu anayo, na mwenye aibu anazungumzika. Ungeweza kumpa nafasi amwambie mama yake mwenyewe, kwa siku mtakayokubaliana. Hatari yake ni kwamba siku hizo zina usiku ndani yake. Ukimsubiri, basi angalau leo hii mshike mkono, umwambie kofia ikae kichwani na abiria awe mmoja. Hilo halihitaji kikao cha ukoo.

Na kama itafika siku wote wakaridhia apande, bado usidhani mambo yamekwisha. Mimi Lushoto nimekwenda kwa basi, na zile kona nilizipita nimefumba macho, kwa hiyo kuendesha sitakufundisha. Wewe ndiye unayejua kwamba kushuka kutoka Soni ni kazi kuliko kupanda, kwamba anayekanyaga breki mlima mzima anafika chini hana breki, na kwamba mtu anashuka kwa gia. Anayejua boda za mjini anadhani anajua pikipiki. Leseni ya pikipiki anayo? Bima ya Honda ipo hai? Labda safari ya kwanza si Mtae wala si mwezi wa saba. Labda ni kwenda Muheza na kurudi, mchana, barabara kavu, wewe mbele safari hii na yeye nyuma, ajifunze kuusoma mkono. Labda pia ni mama kusema, "Nitaridhia akifika huko kwa basi kwanza, na mimi nikiwepo." Sijui kama kuna aliyewahi kumpandisha shemeji mpaka Mtae akapaona palipomchukua mumewe Jumamosi zote zile. Hata hivyo siwezi kukuahidi kuwa kijana hataanguka. Baba yake alikuwa mwangalifu, na alianguka. Mama yake analijua hilo, na yeyote atakayezungumza naye asijifanye halipo.

Jambo moja tu nitakusukuma kidogo, nivumilie. Zile 165,000 zisikae kwako mpaka mwezi ujao. Kila siku zinapolala kwako uongo unaota mizizi, na kesho mtu ataweza kusema ulimdanganya yatima ili ule fedha yake, nawe hukukusudia hivyo. Kama hujawa tayari kusema kila kitu, unaweza kumrudishia na kumwambia maneno ya kweli machache: "Shika fedha yako. Kuna jambo la pikipiki ya baba yako lazima nilizungumze na mama yako kwanza, halafu nitakwambia." Atakuuliza maswali. Atakasirika pengine. Lakini utakuwa hujaongeza uongo mwingine juu ya ule.

Ijumaa hii, kabla hujapiga kiki, mwite mkeo aingie na sinia lake, mle humo ndani, umweleze habari ya bahasha kama haijui. Kisha niandikie nijue shemeji alikujibuje, hata kama jibu lake ni hapana.